Namalizia Sura

Mke wangu ana maneno mawili ya kila usiku saa nne: "Zima taa." Mimi nami nina mawili ya kumjibu: "Namalizia sura." Tumeishi na maneno haya manne miaka ishirini na ushee, na najua ndoa zilizovunjika kwa maneno machache zaidi. Shida ni kwamba jibu langu limechuja. Zamani nikisema namalizia sura, aligeukia ukutani akijua ni dakika kumi tu. Siku hizi ananijibu akiwa amefumba macho: "Sura ya nani?"

Naapa mimi si mkaidi. Mimi ni mtu wa mpango. Nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, na mtu wa stoo hafungui katoni bila kujua zimo ngapi. Kwa hiyo kabla sijaanza sura yoyote, nafunua mbele kwa kidole gumba nione inaishia wapi. Zikiwa kurasa nane, naingia. Zikiwa ishirini na tano, nafunga kitabu, nasali, nalala. Utaratibu huu ulinifaa mpaka waandishi walipoushtukia.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na riwaya moja ya upelelezi, nimeinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mtumba kwenye turubai karibu na kituo cha basi. Sura ya saba, kurasa tisa. Safi. Nikaisoma kwa adabu. Mpelelezi kakaa sebuleni, barua mkononi, anakaribia kabisa kumtaja mwizi. Mstari wa mwisho: ghafla mlango ukagongwa. Nukta. Nusu ya ukurasa iliyobaki ni nyeupe pe.

Sasa msomaji niambie, mtu analalaje na mlango unagongwa? Mtaani kwetu mlango wa jirani ukigongwa saa sita usiku nyumba nne zinaamka. Nikafungua sura ya nane ili nikamfungulie huyo mtu, tumjue, tulale. Sura ya nane inaanza na mawingu ya masika huko Sumbawanga, na mama mmoja ambaye sijawahi kutambulishwa kwake anaanua ulezi. Kurasa kumi na moja za mama na ulezi wake! Na mwisho wa kurasa hizo kumi na moja, mama yule ghafla akasikia mtu anamwita kutoka nyuma ya nyumba. Hapo nikawa na watu wawili wananisubiri nje, mmoja mlangoni Dar es Salaam na mwingine uani Sumbawanga, na wa tatu kitandani ananiuliza hiyo ni sura gani yenye mkia.

Saa nane kasoro, nikiwa katikati ya sura ya kumi, mita ya LUKU ikaanza kulia. Pii. Pii. Pii. Nikaharakisha, maana mtu huwa anadhani akisoma upesi umeme utamhurumia. Taa ikazima. Uniti zimekwisha. Kukawa kimya kidogo, kisha sauti ikatoka gizani, tulivu, haina hata usingizi: "Haya, umemaliza sura?"

Asubuhi sare ya mtoto ilikwenda shule na makunyanzi. "Waambie waandishi wako waje wapige pasi," niliambiwa, na sikuwa na la kujibu.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo, na naona ugomvi unaanzia kwenye jina lenyewe. Waarabu wana maneno mawili. Sura ya Kurani wanaiandika kwa herufi sin, na sura ya maana ya umbo au picha wanaiandika kwa herufi swad. Kwao ni vitu viwili mbalimbali. Sisi tukavipokea vyote, tukavitia chungu kimoja, tukakoroga. Ndiyo maana kwetu kitabu kina sura na mtu ana sura, na wako watu wenye sura nyingi kuliko kitabu. Mke wangu anapouliza sura ya nani, kosa si lake, ni la lugha.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na tatizo hilo kwa sababu yeye hakusema sura. Alisema mlango. "Fungua Yohana, mlango wa tatu," na mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na macho, nafungua. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile namba kubwa inayokaa mwanzo wa kila mlango ni kufuli. Siku moja nikamuuliza kwa nini inaitwa milango wakati hakuna hata bawaba. Bibi akafikiri, akasema: "Mjukuu wangu, si unaingia? Na si unatoka ukale ugali?" Baadaye sana nikaja kujua kuwa hata Waarabu katika vitabu vyao vya kawaida, sehemu kama hiyo huiita babu, yaani mlango. Bibi hakujua Kiarabu, lakini maneno yake yalikuwa sahihi: mlango ni wa kuingilia na wa kutokea. Malalamiko yangu yote leo ni hayo ya bibi. Hawa wa siku hizi wanatujengea milango ya kuingilia tu.

Na milango ile ya Biblia aliyokuwa akinifungulisha bibi haikuwekwa na Musa wala Paulo. Iliyomo katika Biblia zetu kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, Mwingereza aliyekuwa mwalimu huko Paris, mwanzoni mwa karne ya 13. Ukiwa na wanafunzi wengi na kila mmoja ana nakala iliyoandikwa kwa mkono, huwezi kusema "fungueni ukurasa wa arobaini", maana ukurasa wa arobaini wa huyu si wa yule. Lazima ukate vipande ambavyo ni vilevile kwa kila mtu. Hapo simlaumu. Nimeona darasa ambalo kila mtoto ana toleo lake la kitabu, na nusu ya kipindi inaisha kwa kutafutana.

Langton huyo mwaka 1207 akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, na Mfalme John akagoma kumruhusu aingie nchini. Miaka inakwenda, askofu yuko nje. Mtu aliyegawa milango kwa dunia nzima akafungiwa mlango wa kwao! Alipoingia hatimaye, mwaka 1213, alikuwa miongoni mwa waliombana mfalme huyohuyo mpaka akaikubali Magna Carta mwaka 1215. Sina ushahidi kwamba ilikuwa kisasi.

Lakini nina moja na Langton. Fungua kitabu cha Mwanzo. Sura ya kwanza, siku ya kwanza mpaka ya sita, kazi tupu. Siku ya saba, ya mapumziko, imo wapi? Imesukumwa sura ya pili. Fikiria jambo hilo. Mahali pa kwanza kabisa penye mapumziko, mkataji akapita na kisu kabla hayajafika. Kwa hiyo ukisoma sura ya kwanza ulale, unalala kazi haijaisha. Nilipoliona hili nilimwonyesha mke wangu, nikidhani nimepata wakili. Akasema, "Huyo askofu alikuwa na mke wa kumsubiri azime taa?" Hakuwa naye.

Aya ndogondogo, tunazoita mistari, zilikuja baadaye zaidi. Mchapaji Mfaransa Robert Estienne alizitia namba katika Agano Jipya la Kigiriki alilochapa Geneva mwaka 1551, na mwanawe alisimulia kwamba baba aliifanya kazi hiyo safarini kati ya Paris na Lyon. Watu wakatunga utani kwamba mahali mstari umekatwa vibaya, ndipo farasi alipojikwaa. Mimi utani huo naucheka kidogo tu, kwa kuwa nimewahi kujaza leja ndani ya daladala la Mbagala, na saba zangu zote za siku hiyo zilifanana na nne.

Jirani yangu mzee, swahibu yangu wa kahawa jioni, ananicheka kwa haya yote. Yeye Kurani yake ina sura 114, na hakuna anayezilaumu kwamba hazilingani: al-Baqara ina aya 286, al-Kawthar ina aya 3. Lakini juu ya hizo kuna mgawanyo mwingine, juzuu 30, kila moja karibu sawa na mwenzake. Mwezi wa Ramadhani una siku thelathini au pungufu ya moja, basi juzuu moja kwa siku, na Idi inamkuta amehitimu. Juzuu haijali sura imefika wapi. Al-Baqara peke yake inaanzia juzuu ya kwanza, inaimaliza ya pili, inaingia ya tatu. "Nyinyi," aliniambia huku akipuliza kikombe, "mna milango lakini hamna ratiba." Nikanyamaza. Mwaka jana nilijiwekea nadhiri ya kusoma Biblia yote kwa mwaka, sura 1,189, ambazo ni tatu na kitu kwa siku. Mwezi wa pili ulinikuta Mambo ya Walawi na tangu hapo hatujaonana.

Kumbe zamani waandishi wenyewe walijua kazi ya sura ni nini. Pliny, yule mzee wa Roma, alipomwandikia Titus mwana wa kaisari kitabu chake cha mambo ya asili, vitabu 37, alikifanya kitabu kizima cha kwanza kuwa yaliyomo tu, ili mkubwa asipoteze muda kusoma yote. Huo ndio ustaarabu. Linganisha na kile nilichonunua mwaka juzi, ambacho "Yaliyomo" ilisema sura ya tano iko ukurasa wa 87. Nikaenda 87. Nikakuta watu wako katikati ya msiba wa mtu nisiyemjua. Sura ya tano ilikuwa 94.

Ninayempenda kuliko wote ni Henry Fielding. Mwaka 1742 aliandika riwaya iitwayo *Joseph Andrews*, na alipofika kitabu chake cha pili akasimamisha hadithi, akatumia sura nzima kueleza kwa nini kuna sura. Anasema ile nafasi tupu kati ya sura na sura ni kama nyumba ya wageni njiani, msomaji anashuka, anapata kinywaji, anapumzika. Na kichwa cha habari juu ya sura ni kama kibao cha nje ya nyumba hiyo, kinachokwambia ndani kuna nini. Anaongeza kwamba hata kitabu kinanusurika, kwa sababu msomaji hana haja ya kukunja kona za kurasa.

Niliposoma hayo nilitaka kusimama nipige makofi. Fielding kwa lugha yetu alikuwa anazungumzia kuchimba dawa. Kila aliyepanda basi la mkoani anajua. Umetoka Dar alfajiri, umekunywa chai ya maziwa kwa ujeuri wako, mnafika mahali porini, basi linapunguza mwendo, konda anapaza sauti: "Dakika tano, wa kuchimba dawa!" Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mnarudi mnapiga miayo mmekuwa watu wapya. Ndiyo sura hiyo. Haihitaji mapambo. Inahitaji dereva anayesimama.

Hawa wa leo ni madereva wa namna gani? Wanapunguza mwendo, unasimama, unashika begi, mlango unafunguka nusu, halafu wanakanyaga mafuta. Ghafla mlango ukagongwa. Ghafla simu ikaita. Ghafla akatambua kuwa hakuwa peke yake. Neno "ghafla" lingetozwa kodi tungejenga reli nyingine. Fielding alisema pia kwamba mwandishi anapaswa kukigawa kitabu chake kama mwenye bucha anavyoikata nyama kwenye viungo vyake. Naona hakuwahi kununua nyama mtaani kwetu, ambako kiungo hakitafutwi. Gogo, shoka, pa! Unafika nyumbani na nusu kilo ya vipande vya mfupa na swali. Waandishi wangu wote wamefunzwa kazi kwenye bucha hiyo.

Mwezi uliopita nilipata kiti kwenye basi la mwendokasi, jambo ambalo peke yake lingestahili sura. Nimetoka Kariakoo, nyumbani nashukia Manzese. Nikafungua kitabu. Sura fupi, kurasa saba, nikapiga hesabu kwamba nikifika Magomeni nitakuwa nimemaliza, nitabaki na muda wa kujiandaa kushuka. Mwisho wa sura, mtu akainua kisu. Sasa nifanyeje, nimwache na kisu juu? Nikaingia sura ya pili yake. Nilipoinua macho abiria wote walikuwa wameteremka na mfagiaji ananitazama kwa huruma. "Mzee, hapa ndiyo mwisho." Nikatazama kibao: Kimara Mwisho. Sura haikuwa na mwisho, lakini Kimara ilikuwa nao. Nikalipa nauli nyingine kurudi Manzese, nimesimama, kitabu kwapani, na yule mtu bado kisu kiko juu.

Mtu atasema nisome simulizi za kwenye simu, ndizo fupi. Nimezisoma. Mpwa wangu aliniunga kwenye kundi moja la WhatsApp linalotuma hadithi kila usiku saa mbili. Huko hakuna sura, kuna "sehemu", na kila sehemu inaanza na ILIPOISHIA, kisha SONGA NAYO, kisha ITAENDELEA. Mimi ni mtu wa stoo, nikahesabu. Sehemu ya 14 ilikuwa na mistari arobaini. Kumi na tano ni ya ilipoishia. Sita ni ya kutisha wezi wa kazi za watu. Minne inaomba tuwaalike marafiki. Kilichobaki, bwana mmoja anashuka garini. Sehemu ya 15 bado anashuka. Sehemu ya 16 ameuacha mlango wa gari wazi akarudi kuchukua simu. Siku tatu, ndugu zangu, mtu anashuka gari ambalo mimi ningeshuka na mzigo wa muhogo kwa nusu dakika.

Nilivumilia mpaka sehemu ya 20, ambapo tuliarifiwa kuwa kuanzia 21 mpaka 40 ni shilingi elfu moja. Nikatuma, na ada ya kutuma juu yake. Zikaja kwa mkupuo. Nikasoma 27, nikasoma 28, inayofuata 30. Nikaandika kwa unyenyekevu: "Samahani, sioni 29." Jibu likaja baada ya saa mbili: "29 ilijifuta mzee, ila haikuwa na mambo mengi."

Nilikasirika kwa siku nzima, ndipo nikamkumbuka Laurence Sterne. Huyo ni Mwingereza mwingine, mhubiri, aliyetoa *Tristram Shandy* kwa juzuu tisa kuanzia 1759 hadi 1767. Katika juzuu ya nne sura ya 24 haimo. Namba za kurasa zinaruka kumi. Sura ya 25 inaanza kwa msimulizi kukiri kwamba ameichana mwenyewe, kwa sababu ilikuwa nzuri mno ingezitia aibu zilizobaki. Na Mbrazili Machado de Assis, katika riwaya yake ya mwaka 1881 yenye sura 160, kuna sura aliyoijaza nukta tu badala ya maneno, na sura ya 136 ni sentensi moja ya kukiri kwamba sura hiyo haina kazi. Huo ni ukorofi, lakini ni ukorofi wa kistaarabu: mtu anakudhulumu, kisha anakwambia mbele ya macho yako kwamba amekudhulumu na kwa nini. Wangu mimi ilijifuta.

Wapo wanaotetea kukata hadithi pabaya kwa kusema hata Shahrazadi wa *Alfu Lela Ulela* alifanya hivyo. Alfajiri ikifika ananyamaza pale utamu ulipo, na sultani anabaki na kiu mpaka usiku wa pili. Ni kweli. Lakini yule binti alikuwa anaokoa shingo yake! Sultani alikuwa anachinja wake. Angesema "na wote wakaishi raha mustarehe" saa kumi usiku, angekuwa marehemu kabla ya chai. Mwandishi wa kundi la WhatsApp anaokoa nini? Bando. Na Dickens, aliyekuwa akitoa hadithi zake vipande vipande, kila mwezi kijitabu kwa shilingi moja ya Kiingereza, angalau kijitabu cha mwezi kilikuwa na kurasa za kutosha watu kushuka garini na kupanda tena na kuoana.

Nikiwa bado kwenye sura, nimseme na mpwa wangu huyohuyo, kwa kuwa hasomi safu hii. Anasoma shahada ya uzamili. Wenzetu wa vyuo wana kitabu chenye sura tano, hazipungui wala haziongezeki: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, uchambuzi wa data, hitimisho na mapendekezo. Nilidhani kitabu ambacho sura zake zinajulikana hata kabla hakijaandikwa kitakuwa chepesi. Nikimpigia:

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi sasa?"

"Sura ya pili, mjomba."

Huu ni mwaka wa tatu yuko sura ya pili. Msimamizi wake anairudisha ikiwa na wino mwekundu, yeye anairudisha tena, wanarushiana kama watoto na mpira wa makaratasi. Dada yangu alinunua mbuzi jike kwa ajili ya mahafali. Mbuzi ameshazaa mara mbili. Kwa maendeleo, mbuzi yuko sura ya nne.

Nirudi kwenye ile riwaya ya upelelezi, maana najua kuna msomaji bado anasubiri mlango ufunguliwe, na mimi si katili kama wao. Siku mbili baada ya giza lile, tunakunywa chai, mke wangu akasema huku anapaka siagi: "Aliyegonga ni shemeji yake."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma sura ya mwisho. Kurasa sita. Nikazima taa, nikalala."

Sikuongea naye mpaka jioni. Kinachouma ni kwamba tangu hapo amesoma vitabu vyangu vinne kwa mtindo huo, na usingizi wake ni mzuri.

Nami nimeapa kuachana na riwaya kwa muda. Kiapo kilidumu mpaka Jumanne. Nilikuwa kituoni nangoja basi, nikanunua karanga za mia mbili kwa kijana mmoja. Unajua zinavyofungwa, kikaratasi kimeviringwa kama pembe. Nilipozimaliza nikakikunjua kwa mazoea, nikakuta si karatasi ya mtihani wala gazeti, ni ukurasa wa riwaya. Ukurasa wa 143, na nyuma yake 144. Juu: SURA YA KUMI NA MOJA, haina jina lingine. Kuna mwanamke amerudi kijijini baada ya miaka mingi, amekaa juu ya sanduku la bati, anafungua bahasha ya mama yake iliyofungwa kwa uzi. Doa la mafuta ya karanga limekula mistari miwili, lakini mengine yanasomeka. Kiswahili chake kimenyooka. Hamna hata "ghafla" moja. Mwanamke anafungua uzi taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, anatoa karatasi, anaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na ukurasa unaishia hapo.

Nikamrudia kijana. Nikanunua karanga za mia mbili nyingine, nikazimwagia mfukoni, nikakunjua: hesabu za darasa la sita, mtoto kapata nne kwa kumi. Nikanunua tena: risiti za duka la vipuri. Kijana akaniuliza, "Mzee, una wageni?" Nikamweleza. Akanitazama kwa makini, akasema makaratasi hununua kwa kilo, na yale ya kitabu alikuwa nayo asubuhi lakini yameshaondoka na wateja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama Jumanne ulinunua karanga kituoni Manzese, upande wa kwenda mjini, na kikaratasi chako kina namba 145 juu, tafadhali usikitupe. Kipige picha pande zote mbili, unitumie. Karanga za wiki nzima juu yangu.